Kufagia Bila Maji

Kaka yangu mkubwa anaishi Lubumbashi, na ana ugonjwa wa kutuma ushauri wa afya kwa simu. Karibu kila asubuhi nikiwasha simu nakuta kitu kutoka kwake: picha ya glasi ya maji na kipande cha limau, au sauti ya mtu nisiyemjua akisema tule mboga za majani, tutembee kwa miguu, tulale mapema, tuvute hewa safi kabla jua halijawa kali. Kinga ni bora kuliko tiba, ndivyo anavyomalizia kila mara. Mimi hufuta. Si kwamba ushauri ni mbaya. Ni kwamba mtu aliyeyafanya hayo yote, bila simu wala limau, alikuwa mama yetu, na aliyekuwa naye nyumbani hapa Kolwezi ni mimi, si yeye.

Mama aliamka kabla ya kengele ya kwanza ya misa. Aliwasha makaa kwenye babula, akachemsha maji, akanywa kikombe kizima cha maji matupu, bila majani ya chai wala sukari, akisema kwamba tumbo nalo linataka kunawa uso. Kisha alifagia. Kisha alikwenda misa kwa miguu, akarudi kwa miguu, akamwagilia matuta yake ya lengalenga na matembele pale kando ya ua. Alikula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, nyama aliiacha kwa sikukuu. Bia hakuionja. Jioni alisali rozari yake akalala, na mtu aliyekuja kupiga soga baada ya hapo alizungumza na mlango.

Watu walimshangaa. Alikuwa na wajukuu wenye ndevu na bado alijitwika ndoo ya maji. Wanawake wa mtaani walipomuuliza siri yake alijibu kama mtu anayechoshwa na swali.

"Siri gani? Muntu akikaa, anaoza."

Hakuyasema hayo kwa kuyasikia. Baba yetu alitumika miaka mingi katika karakana ya mgodi, na alipostaafu walimpa shukrani wakamrudisha nyumbani. Akachukua kiti cha mbao, akakiweka barazani, akakaa. Alikaa hivyo akitazama barabara, asubuhi na jioni, miguu ikimvimba, mpaka siku mama alipomwita aje kula asiitike. Mimi nilikuwa bado msichana. Daktari alitaja presha. Mama hakubishana na daktari, lakini tulipotoka makaburini alikipasua kile kiti kwa shoka, akapikia kuni zake. "Kiti njo ilimuua," alituambia, na mpaka leo hakuna aliyeweza kumtoa kwenye neno hilo.

Kwa hiyo alifagia. Wasiomjua walidhani ni usafi tu. Uwanja wetu, tunaouita lupango, si mkubwa: mbele kuna mparachichi, nyuma kuna jiko la nje, na pande zote ua wa matofali ambao baba aliujenga mwenyewe. Mama aliinama na ufagio mfupi wa vijiti, mkono mmoja mgongoni, akaanzia mlangoni mwa nyumba kuelekea lango, mstari kwa mstari, na nyuma yake udongo mwekundu ulibaki na michirizi iliyonyooka. Alimaliza jua likitoka. Ukiamka ukakuta nyayo kwenye michirizi ile ulijua nani ameshapita, na mgeni aliyekanyaga kabla ya mama kumaliza aliangaliwa vibaya. Sauti ya ufagio ule ndiyo iliyoniamsha utoto wangu wote. Niliporudi kuishi naye, baada ya ndoa yangu kunishinda, iliniamsha tena.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Somo la usafi ninalifundisha mwenyewe, na kwa miaka niliwaambia watoto wafagie kila asubuhi kama bibi yao, mama yangu, anavyofagia, wapate maisha marefu. Waliitikia kwa kuimba. Hakuna aliyeuliza tunafagia nini.

Maana kinachoanguka usiku juu ya viwanja vyetu si majani ya mparachichi tu. Makamyo ya madini hupita barabarani kwetu mchana na usiku, maturubai yakipigapiga, na wakati wa kiangazi vumbi halitui, linahamahama. Kule Kasulo, mtaa mwingine wa mji wetu, watu walichimba madini mpaka chini ya vitanda vyao. Huku kwetu haikufika hivyo, lakini jirani wa nyuma alitoboa shimo sebuleni kwake, na udongo alioutoa aliurundika njiani, ukakauka, ukapeperuka. Siku hizi unaweza kufuta meza, ukapika chai, na kabla hujainywa ukaandika jina lako juu ya meza kwa kidole. Tumezoea. Mazoea yana taabu, ndivyo wanavyosema, nami nadhani aliyesema hivyo alikuwa na nyumba kando ya barabara.

Kikohozi cha mama kilianza kiangazi kimoja, wakati wa ile baridi ya Juni inayouma masikio. Alikiita mafua. Mvua ziliponyesha kikapungua, naye akasema unaona. Kiangazi kilichofuata kilirudi na nguvu. Nikamsikia asubuhi anafagia, anasimama, anakohoa, anafagia tena, na ile michirizi ikaanza kuwa na mapengo. Kitenge chake kikaanza kumzunguka mara mbili. Nilipomwambia twende hospitali alinijibu kwamba hospitali ni ya wanaokaa.

Nilimpeleka hata hivyo. Nilimdanganya kwamba mgonjwa ni mimi na kwamba naogopa kwenda peke yangu. Tulipofika alielewa, lakini mama si mtu wa kugeuka mlangoni mwa watu.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimpima, akampeleka kupigwa picha ya kifua, akaishika ile picha dirishani kwa muda mrefu.

"Mama alitumika mu mine?" akauliza.

"Apana. Bwana yangu njo alitumika. Miye niko muntu wa nyumba."

"Sasa elezea mi, kutoka asubuhi unafanyaka nini?"

Mama alijinyoosha kwenye kiti. Hilo swali alilipenda, alikuwa amelijibu kwa majirani maisha yake yote. Akaeleza: kuamka mapema, maji ya moto, kufagia, misa kwa miguu, mboga za bustani yake, dirisha wazi usiku kucha apate hewa. Daktari alianza kwa kuandika. Katikati aliweka kalamu mezani, akawa anasikiliza tu, na mimi nikaona uso wake unabadilika, nikatamani mama anyamaze.

"Unafagia na maji?" akauliza mwishowe.

"Maji ya nini? Mi nafagia, sioshe."

Akamweleza taratibu. Akasema kifua chake kimejaa vumbi laini, kama vifua vya wazee walioingia chini ya ardhi. Akasema hawezi kuapa limetoka wapi, pengine barabarani, pengine kwa jirani anayechimba, hata moshi wa babula una sehemu yake. "Lakini ile mavumbi yenye ililala, mama, kila asubuhi weye njo unaiamusha. Kiisha unaipumua." Ufagio auache. Njia ya misa inayopita kwenye makamyo aiache. Mboga za kando ya ua, upande wa barabara, asile tena. Dirisha lifungwe.

Kila kitu alichokitaja kwa fahari kilitolewa kimoja kimoja, kwa heshima, kama mtu anayetoa vyombo katika nyumba ya mdaiwa.

"Sasa nitabakia na nini?" mama akauliza.

Daktari akafikiri. "Maji ya moto, unaweza kuendelea."

Tuliporudi alitembea mbele yangu mpaka tukafika langoni. Pale akasimama kuvuta pumzi, mkono ukutani.

"Ule mutoto anataka nikae," alisema. "Iko anatafuta kiti yenye itanikula na miye."

Nilikuwa nimeamua kwamba mama yangu hatakufa kwa ufagio. Nauandika uamuzi huo kwa ukali ule ule niliokuwa nao, maana nilikuwa na hasira: na makamyo, na jirani, na daktari, na mama mwenyewe. Niliuchukua ufagio nikaufungia chumbani kwangu. Nilimwambia nitafagia mimi jioni, nikitoka shule, baada ya kunyunyiza maji. Akakataa. Uwanja haufagiliwi jioni, ni kuifukuza heri ya nyumba na giza likiingia. Asubuhi mimi nilitoka mapema kuwahi wanafunzi. Basi uwanja ukabaki hivyo. Majani ya mparachichi yakaanguka juu ya majani, kuku wa watu wakaja wakachakura, na vumbi likalala mpaka kizingitini.

Kitu ambacho nilikijua tangu utotoni na sikukifikiria hata kidogo ni hiki: kwetu, uwanja usiofagiliwa una maana moja. Nyumba iliyofiwa haishiki ufagio mpaka kilio kiishe.

Nilirudi kutoka shule siku moja ya wiki hiyo nikakuta wanawake wa mtaani wameingia. Walikuwa wamekaa chini, juu ya majani, vitenge vimefungwa kiunoni, vichwa vimefunikwa. Mmoja alileta makaa kwenye ndoo, mwingine beseni la unga. Hawakulia bado, walikuwa wanangoja waambiwe nani. Walinitazama mimi nikiwa hai, nikaona macho yao yanahama kutoka kwangu kwenda mlangoni, na ndipo nilipofahamu. Kabla sijafungua mdomo mama alitoka ndani, polepole, ameshika mwimo wa mlango.

Yule mwenye unga alishtuka, akajikaza. "Mama, tusamehe. Tuliona lupango. Nani alikufa?"

"Ni miye," mama akasema. "Mutoto yangu alinifungia fagio."

Mmoja alicheka. Alipoona mama hacheki, akaacha. Wakakaa kidogo, kwa sababu huwezi kuinuka mara moja mahali ulipoketi kwa ajili ya msiba, wakazungumzia bei ya makaa na mvua iliyo mbali bado, kisha wakaaga mmoja mmoja. Beseni la unga likabaki barazani. Sijui kama mwenyewe alilisahau au aliogopa kulirudisha kwake. Jioni nilisonga bukari kwa unga ule, kwa kuwa wa kwetu ulikuwa umekwisha, na mama akasukuma sahani.

"Siwezi kula bukari ya kilio yangu."

Hapo nilimpandishia sauti. Nilimwambia afadhali mtaa mzima useme amekufa kuliko afe kweli. Nilimwambia nimebaki na yeye tu, kwamba kaka yuko mbali, kwamba sitaki kuamka siku moja kwenye nyumba hii na kukuta niko peke yangu. Sikuwa nimewahi kumwambia hivyo. Aliniacha nimalize, akanivuta kichwa akakilaza kwenye paja lake kama nilivyokuwa mdogo, na chini ya kitenge nikahisi mfupa.

"Najua, mama," alisema. Sisi binti zao huitwa mama na mama zetu. "Lakini kukaa na kufa, kwangu njo kitu moja."

Tukapatana. Nikawa naamka mapema zaidi yake, nachota maji bombani, nanyunyiza uwanja kwa mkono, kisha nafagia tope lile jembamba huku yeye amekaa mlangoni, kitambaa mdomoni, akinionyesha nilipoacha. Michirizi haikutokea. Majirani walitulia. Misa alisikiliza redioni. Mboga za kando ya ua nilizing'oa mwenyewe akiwa amelala mchana, na alipoamka hakuuliza, alikwenda akasimama pale, akarudi ndani.

Kikohozi kikapungua. Nilifurahi kwa muda, nakiri. Usiku kifua chake hakikupiga tena filimbi. Lakini asubuhi alianza kuchelewa kuamka, yeye ambaye jua halikuwahi kumkuta kitandani. Kwanza aliacha kuwasha babula. Kisha aliacha kuja mlangoni kunionyesha. Miguu ikavimba, ile miguu iliyokuwa ikienda misa. Nilirudi kwa daktari peke yangu, nikamwambia kikohozi kimepungua lakini mama naye amepungua. Akashauri apelekwe mahali penye hewa safi, kwa ndugu zake kaskazini, na mama nilipomfikishia ujumbe huo alisema alitoka kule akiwa msichana, waliomjua wote wako ardhini, na hawezi kwenda kuwa mgeni wa hewa.

Sijui mpaka leo ni kipi kilichokuwa kikimla. Kama ni vumbi alilolipumua miaka yote ile, basi nilimkinga nikiwa nimechelewa. Kama ni kukaa, basi ni mimi niliyemkalisha. Nimelala na maswali hayo mawili kwa zamu.

Siku moja kaka akatuma ushauri wake: wazee wafanye mazoezi mepesi kila asubuhi, mwili usizembee. Nilimpigia simu nikamfokea. Nilimwambia mambo ambayo dada mdogo hamwambii kaka yake. Aliposikia nimenyamaza akasema kwa sauti ndogo, "Sasa mi nifanye nini? Niko mbali. Natuma ile niko nayo." Nikasikia kwamba analia, mtu mzima yule mwenye wafanyakazi chini yake. Akaomba aongee na mama. Nilimwekea simu sikioni.

"Niko muzuri," mama alimwambia. "Ndiyo. Nakula. Nafagia, eh, kila asubuhi nafagia. We usikuwe na roho juu."

Akanirudishia simu bila kunitazama.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua, wakati ambapo vumbi limekuwa jepesi kabisa na hata jani la mparachichi halina tena rangi yake. Mama alikuwa hatoki kitandani. Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji, unamletea tu. Mimi nilimletea kila asubuhi, naye aligeukia ukutani kila asubuhi. Siku hiyo nilinyunyiza maji, nikafagia, nikanawa mikono, nikaingia na bakuli.

"Leo haukufagia," akasema.

"Nilifagia, mama."

"Sisikie."

Nikamweleza kwamba udongo ukiwa na maji ufagio haulii. Alifumba macho nikadhani amelala. Kisha akasema, akipumzika kati ya neno na neno, kwamba tangu awe mtoto kwao hakuwahi kuanza siku bila sauti ile, ya mama yake kwanza, ya kwake baadaye, na kwamba sasa analala pale hajui kama kumekucha au kama bado ni usiku ule ule.

"Fagia kavu," alisema. "Na dirisha, fungua."

"Mama, mavumbi itaingia."

"Iingie. Miye nayo tunajuana."

Nilibaki nimesimama na bakuli. Nilimjibu yote niliyokuwa nimefundishwa na yote niliyokuwa nikifundisha. Nilimkumbusha picha ya kifua chake. Nilimwomba, nikamwomba tena. Yeye hakubishana, alinitazama tu, na macho yake yalikuwa mazima kabisa, ndiyo yaliyokuwa yamebaki mazima. Uji ukapoa mkononi mwangu. Nikauweka chini, nikaenda dirishani, nikaondoa kitambaa nilichokuwa nimekichomeka kwenye nyufa, nikafungua.

Mbele kulikuwa kumelowa. Nikazunguka nyuma, upande wa chumba chake, ambako maji yangu hayakuwa yamefika na udongo ulikuwa mkavu mpaka chini. Nikainama, mkono mgongoni. Nilijua ninachofanya, sijawahi kujua kitu vizuri zaidi ya pale. Ufagio ukatoa sauti yake, ile ya zamani, na vumbi likainuka mbele yangu, jekundu, likasimama kidogo kwenye mwanga wa jua jipya, kisha likaanza kwenda kwa utulivu kuelekea dirishani.

Nilivuta mstari wa kwanza, nikavuta wa pili. Ndani mama akaanza kukohoa, kikohozi kirefu kilichotoka mbali. Nikauegemea ukuta, machozi na vumbi vikiniingia mdomoni, nikangoja kiishe. Kilichukua muda. Kisha nikasikia anapumua, na sauti yake ikaja kutoka dirishani, nyembamba, yenye ukali wa mtu aliyeamka na kukuta kazi haijakwisha.

"Juu ya nini unasimama? Fagia."

Nikainama, nikaendelea kufagia.